Anataka jina langu lisiwepo kwenye wimbo nilioutunga: nichukue laki tatu?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mtunzi chipukizi hapa Tanga. Marehemu baba ameniachia kasha la santuri za soul, ndogo zile za mizunguko 45. Nikizipitia naona kwenye mabano, chini ya jina la wimbo, majina ni yale yale: Holland-Dozier-Holland. Iwe santuri ya Supremes, ya Four Tops au ya Martha and the Vandellas, ni hao hao. Lakini sifa zote ni za waimbaji. Rafiki yangu prodyuza anasema watunzi wale wote walidhulumiwa wakafa maskini, ndivyo kazi hii ilivyo, kwa hiyo nichukue cha mkononi nisahau. Kuna mwimbaji mwenye jina ameupenda wimbo wangu mmoja. Ananipa laki tatu, wimbo uwe wake moja kwa moja, jina langu lisionekane popote. Tunarekodi Jumamosi ya wiki ijayo. Halafu biti yenyewe ina kipande cha tarumbeta tulichokikata kwenye santuri ya baba, sekunde sita tu. Prodyuza anasema chini ya sekunde saba ni ruhusa. Nikubali? Na ni kweli wazee wale wa soul waliishia hivyo?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Ukisafisha santuri hizo tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, upanguse kwa kuzunguka kama sindano inavyopita, usikate kati. Kisha zisimamishe wima kama vitabu, maana ukizilaza rundo kwenye joto la Tanga zitapinda. Hilo hukuniuliza, lakini nisingeweza kuanza bila kulisema.

Mzee wako nadhani alikuwa mkaidi kidogo. Novemba 1969 soul, muziki huo wa Wamarekani Weusi, ilipigwa marufuku Dar es Salaam, wakubwa wakiona kuwa inawapotosha vijana na utamaduni wa nyumbani. Vijana wa suruali za pekosi na viatu vya raizoni wakazidi kuitafuta. Kule Kenya, kijana wa Mombasa, Slim Ali, akawa anapiga soul yake mwenyewe na kundi la Hodi Boys, na Septemba 1974 James Brown, Bill Withers na Spinners wakatua Kinshasa kuipiga mbele ya maelfu. Kwa hiyo kasha hilo lina historia hata kabla hujaweka sindano.

Sasa tuje kwako. Laki tatu nadhani ungeshaipokea kama si lile sharti la kufutwa jina. Umeona majina ya watu kwenye mabano, miaka sitini baadaye yanasomeka Tanga, halafu wewe unaambiwa lako lisiwepo. Rohoni umeshajua kuna kitu hakikai sawa, ila hujapata maneno ya kukieleza. Nami nitaanzia hapo hapo kwenye mabano.

Holland-Dozier-Holland ni watu watatu: Brian Holland, kaka yake Eddie, na Lamont Dozier. Walifanya kazi katika kampuni ya Motown, Detroit, kwenye nyumba ya kawaida ya kuishi watu, namba 2648 West Grand Boulevard. Mwenye kampuni, Berry Gordy, aliwahi kufanya kazi ya kuunganisha magari kiwandani, na mtaji wake wa Januari 1959 ulikuwa dola 800 alizokopa kwenye mfuko wa akiba wa familia yao. Brian na Dozier walishughulika zaidi na mahadhi na kusimamia studio, Eddie akaandika maneno na kuwafundisha waimbaji namna ya kuyatamka. Supremes walishika namba moja Marekani mara 12, na nyimbo 10 kati ya hizo zilitoka mikononi mwa watatu hawa.

Studio yenyewe ilikuwa gereji iliyogeuzwa, nyembamba, nyaya zikining'inia, wapigaji wakaiita Shimo la Nyoka. Mtunzi alishuka na karatasi ya 'chords', yaani mpangilio wa sauti za kinanda au gitaa, na wazo la mahadhi, wapigaji wakalivalisha nyama. Wimbo wa Martha and the Vandellas wa 1965, "Nowhere to Run", usikilize kwa makini: ule mlio wa chuma unaokwenda sambamba na tari ni minyororo ya kufungia matairi ya gari wakati wa theluji. Mtu aliitikisa mbele ya maikrofoni. Wakimaliza, walisikiliza kazi kwenye spika ndogo mbovumbovu kama ya redio ya gari, kwa sababu huko ndiko mnunuzi angeisikia. Ijumaa ulikuwa mkutano wa kuchagua. Gordy aliuliza: ukiwa na dola yako ya mwisho na una njaa, utanunua santuri hii au mkate wa nyama? Nyimbo nyingi zilishindwa na mkate.

Nakusimulia haya ili rafiki yako asikudanganye kuwa watunzi wale walikuwa makabwela waliokaa pembeni wakiibiwa. Walikuwa mafundi ndani ya karakana kubwa, na karakana hiyo iliwabeba. Dhuluma zilikuwepo, nitazitaja. Lakini kila mmoja alipata au alikosa kwa sababu yake, na sababu hizo karibu zote zilikuwa kwenye karatasi.

Ili uelewe, tenganisha vitu viwili ambavyo huku kwetu tunavichanganya kila siku. Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa upesi. Unajua kwetu shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Basi utunzi, yaani maneno na mahadhi, ni shamba. Rekodi ni mnazi. Mwimbaji akirekodi wimbo wako, amepanda mnazi wake juu ya shamba lako: nazi ni zake, lakini shamba halijahama. Kesho akija mwimbaji mwingine akaurekodi upya, huo ni mnazi wa pili, na mwenye shamba anapata fungu lake tena.

Chukua "I Heard It Through the Grapevine" ya Norman Whitfield na Barrett Strong. Miracles waliurekodi kwanza, 1966. Gladys Knight and the Pips wakautoa 1967 ukavuma. Marvin Gaye akautoa 1968 ukashika namba moja. Sauti tofauti, mwendo tofauti, na kila mnazi una mwenyewe. Watunzi ni wale wale wawili, na kila mnazi ukizaa fungu la utunzi linahesabiwa.

Sasa hesabu. Marekani, sheria ya 1909 iliweka senti 2 kwa kila wimbo kwa kila nakala ya santuri, na kiwango hicho kilikaa hapo hapo mpaka 1978. Tuseme santuri imeuza nakala milioni moja. Senti 2 mara milioni ni dola 20,000. Kwa desturi nusu ilikwenda kwa mchapishaji, na hapa simaanishi mchapa vitabu, namaanisha kampuni inayousimamia utunzi: inausajili, inautafutia waimbaji, inakusanya malipo. Inabaki dola 10,000. Watunzi wakiwa watatu, kila mmoja anaondoka na dola 3,333. Kwa nakala milioni! Ukitazama hapo tu utasema rafiki yako ana haki. Lakini hiyo ni santuri moja, mwaka mmoja. Kuna malipo ya redio, ya televisheni, ya filamu, ya kila anayeuimba upya, na ya kila anayekata kipande chake, na yote hayo hayana mwisho wa karibu. Na cha kuchekesha, wimbo wa upande wa pili wa santuri, ule ambao hakuna aliyeuomba, ulilipwa senti zile zile mbili, kwa sababu mnunuzi hawezi kununua upande mmoja. Wajanja walijua. Ukigeuza santuri za baba yako utaona maprodyuza kadhaa wamejipachika huko nyuma.

Gordy mwenyewe alianza akiwa mtunzi. Alimtungia Jackie Wilson nyimbo zilizovuma mwishoni mwa miaka ya 1950, akaona pesa zinaishia kwa wengine. Inasimuliwa kuwa siku moja aliletewa hundi ya kazi yake ya studio, dola 3 na senti 19, na Smokey Robinson, mwimbaji wa Miracles, akamwambia bora afungue kampuni yake. Akafungua ya santuri, na pembeni akafungua ya uchapishaji wa nyimbo, Jobete, jina lililoundwa kutokana na majina ya watoto wake Joy, Berry na Terry. Sikiliza kilichotokea baadaye. Mwaka 1988 aliiuza Motown, lebo yenye sifa zote zile, kwa dola milioni 61. Jobete hakuiuza. Mwaka 1997 aliuza nusu yake, nusu tu, kwa dola milioni 132. Minazi yote ikauzwa bei isiyofika hata nusu ya bei ya nusu ya shamba. Nikiwa na mtunzi kijana mezani, takwimu hizo mbili huwa naziandika kwenye karatasi nikamsukumia, kisha nanyamaza.

Je, Holland, Dozier na Holland walidhulumiwa? Wao walisema hawapati stahili yao. Walipunguza kazi, kisha wakaondoka. Mwaka 1968 Motown ikawashtaki ikidai dola milioni 4, nao wakaishtaki wakidai milioni 22. Kesi ikaenda mpaka 1972, wakasuluhishana nje ya mahakama. Wakati huo wote walikuwa wamefungua lebo zao, Invictus na Hot Wax, lakini kwa sababu ya kesi hawakuweza kuandika majina yao, wakatumia jina la bandia, Edythe Wayne. Ukiliona kwenye santuri yoyote, ujue wamejificha humo. Kwa hiyo waliumia, ndiyo. Miaka minne ya ubora wao ililiwa na mawakili. Lakini maskini? La. Majina yao yalibaki kwenye nyimbo zao za zamani. Dozier alifariki 2022 akiwa na miaka 81, mtu aliyeheshimiwa, na nyimbo zile zinaendelea kulipa.

Anayenisikitisha mimi ni Barrett Strong. Mwaka 1959 aliimba "Money", mojawapo ya nyimbo za kwanza za Gordy kuvuma. Strong alisema aliutunga pamoja na akina Gordy, na kwenye usajili wa mwanzo jina lake lilikuwepo. Miaka mitatu baadaye likaondolewa. Mwaka 1987, haki ziliposajiliwa upya, likarudi. Mwaka uliofuata likaondolewa tena. Upande wa Gordy ulieleza kuwa lilikuwa limeingia kimakosa tangu mwanzo. Strong alisema hakujua lolote mpaka karibu mwaka 2010, alipokuwa mzee. Fikiria: Beatles waliurekodi wimbo huo 1963, na wengine wengi baada yao. Mtu yule yule, kwenye "Grapevine" jina lake lilikuwepo na alilipwa. Kwenye "Money" liliondolewa na hakulipwa. Kipaji hakikubadilika baina ya nyimbo hizo mbili.

Isaac Hayes ni hadithi nyingine. Yeye na David Porter walikuwa watunzi wa nyumba ya Stax, Memphis, kampuni iliyokaa kwenye jumba la zamani la sinema, sakafu ikiwa bado ina mteremko wa viti. Siku moja Porter alikuwa chooni, Hayes akamwita aharakishe, Porter akajibu kwa ukali, "Shikilia, naja!" Akatoka mbio, suruali ikiwa bado haijakaa sawa, akisema jina la wimbo limepatikana. Ndiyo "Hold On, I'm Comin'" ya Sam and Dave, 1966. Mwaka uliofuata Hayes aliona kwenye televisheni habari za ghasia za Detroit, ambako maduka ya Weusi yaliandikwa neno "soul" ukutani ili yasichomwe moto, na hapo ikazaliwa "Soul Man". Mwaka 1972 akapata Oscar kwa wimbo wa filamu ya "Shaft". Kisha madeni ya zaidi ya dola milioni 6 yakamfilisi mwaka 1976, na katika kufilisiwa akapoteza haki ya mrabaha, yaani malipo ya kila kazi zake zinapotumika. Nyimbo zake zikawa zinapigwa dunia nzima, pesa zikienda kwa wadai. Hapo hakuna prodyuza mwizi wala mwimbaji mjanja. Haki ya utunzi ni mali, na mali hukamatwa kwa deni kama nyumba.

Stax yenyewe ilijikwaa kwa karatasi. Ilikuwa inasambaziwa santuri na kampuni ya Atlantic. Atlantic ilipouzwa kwa Warner, wenye Stax wakagundua kuwa mkataba waliosaini 1965 uliipa Atlantic umiliki wa rekodi zao, minazi yote ya miaka ile, pamoja na ya Otis Redding aliyekuwa ndiyo kwanza amekufa kwa ajali ya ndege, Desemba 10, 1967. Kifungu kilikuwemo muda wote. Hakuna aliyekisoma kwa utulivu.

Na yupo aliyeshika usukani mapema: Curtis Mayfield wa Chicago. Tangu ujana wake alisimamia mwenyewe uchapishaji wa nyimbo zake, na baadaye akaanzisha lebo yake, Curtom. Agosti 1990 mtambo wa taa za jukwaani ulimwangukia huko Brooklyn, akapooza kuanzia shingoni. Hakuweza tena kushika gitaa. Nyimbo zake zilikuwa bado zinamlipa, na vijana wa hip hop walikuwa wakizikata kila uchao. Mgonjwa wa miaka tisa kitandani, na shamba linazaa.

Kabla sijarudi kwenye laki tatu zako, jambo moja kuhusu mwimbaji, usije ukamwona adui. Marekani redio za kawaida hulipia utunzi, hazilipii rekodi. "Respect" aliitunga na kuiimba Otis Redding, 1965. Aretha Franklin akaichukua 1967, akaigeuza ikawa kauli ya mwanamke, akaongeza kule kulitaja neno herufi kwa herufi, na tangu siku hiyo hakuna anayeusikia wimbo bila kumsikia yeye. Kila redio ya Marekani ilipoupiga, malipo yalikwenda upande wa Otis. Aretha hakupata senti ya redio kwa wimbo uliokuwa kitambulisho chake. Wala nyongeza zake hazikumfanya atajwe kuwa mtunzi. Huyu naye alipunjika, kwa upande wa pili wa mizani. Kwetu sheria ni pana kidogo: Kenya, kwa mfano, waimbaji na wenye rekodi nao wana haki ya malipo redio ikipiga. Lakini mwimbaji mwenye jina anaposema "wimbo uwe wangu wote", mara nyingine ni hofu hiyo hiyo: ameona wenzake wakivuma na kubaki mikono mitupu. Mwelewe, kisha ukatae.

Naam, nashauri ukatae ofa kama ilivyo. Nitasema sababu, na nitasema pia wapi naweza kuwa nimekosea.

Laki tatu si matusi kwa mtunzi ambaye hajatoa wimbo. Kama ada ya shule ya mdogo wako inadaiwa Jumatatu na huna pengine pa kugeukia, mimi ni nani wa kukuambia ngoja mrabaha? Nyimbo nyingi hazivumi. Asilimia 50 ya sifuri ni sifuri, na huku kwetu ukusanyaji bado unasuasua. Nimeona watunzi wa nyimbo zinazopigwa kila harusi wakipokea kiasi cha kununua vocha. Anayekuahidi utajiri wa mrabaha anakudanganya sawa na anayekuambia mrabaha haupo. Ila kuuza kila kitu pamoja na jina ni mlango usiofunguka tena. Wimbo ukivuma, huna cha kumwonyesha mwimbaji wa pili atakayekutafuta, na kwa umri wako hilo ni hasara kuliko laki tatu. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inatambua haki ya mtunzi kutajwa hata pale alipouza haki za kiuchumi, kwa hiyo anayekudai jina anakudai kitu ambacho hata sheria imekuwekea kando.

Mpelekee ofa ya katikati. Kwa mfano: laki mbili mkononi kama malipo ya kazi, wimbo anarekodi yeye, rekodi ni yake asilimia mia, anaitumia apendavyo, wala hutampa mwimbaji mwingine wimbo huo mpaka muda mtakaokubaliana upite. Utunzi unabaki wako, au mgawane kama naye ataongeza maneno yake ya maana, na jina lako linaandikwa. Wengi wakielezwa hivi wanakubali, kwa sababu kile wanachokihitaji hasa, kumiliki ngoma inayotoka, wanakipata. Akikataa kabisa kuandika jina, hapo pana dalili, na mimi ningempungia mkono.

Siku ya Jumamosi nenda na karatasi moja. Iandike kwa Kiswahili cha kawaida: jina la wimbo, tarehe, nani katunga maneno na kwa asilimia ngapi, nani mahadhi, nani biti, jumla iwe mia, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, saini. Isainiwe kabla mtu hajaingia kwenye chumba cha kurekodia, maana wimbo ukishanoga kila mtu anakumbuka alichangia. Hata aliyeleta chai. Huyo prodyuza naye mweke wazi: kulipwa kwa kutengeneza biti ni kazi moja, kuwa mtunzi mwenza ni jambo jingine, na mnaweza kukubaliana vyovyote mradi pameandikwa. Pale Motown, James Jamerson alipiga besi kwenye santuri karibu zote ulizonazo, kwa kidole kimoja cha shahada, na ukiondoa besi yake nyimbo kadhaa zinabaki mifupa. Alilipwa kwa kazi za kupiga, hakuwa kwenye mabano, na jina lake halikuandikwa kwenye albamu ya Motown mpaka 1971. Inasimuliwa kuwa 1983, kampuni ilipoadhimisha miaka 25, alijinunulia tiketi akakaa viti vya nyuma. Akafa Agosti ya mwaka huo. Prodyuza wako asije akawa Jamerson wako.

Mimi nina kisa changu pia. Nikiwa kijana niliitungia bendi moja kiitikio. Nililipwa sahani ya pilau na nauli ya kurudi. Wimbo ukapigwa redioni kwa miaka, na mpaka leo nikiusikia kwenye daladala namwambia aliye jirani yangu kuwa ni wangu, naye ananitazama kwa huruma. Sikuwa na karatasi hata ya kufungia maandazi.

Hifadhi pia ushahidi wa utunzi: zile sauti ulizojirekodi kwenye simu, daftari, ujumbe wa WhatsApp ulipomtumia mtu kwa mara ya kwanza. Haki inazaliwa pale unapotunga, haisubiri kusajiliwa, lakini kusajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa kitu cha kuweka mezani wakibishana. Na usidhani pesa za mitandao zote hupitia njia moja. Kampuni inayoipandisha ngoma mtandaoni humlipa mwenye rekodi. Fungu la utunzi husafiri kwa njia nyingine, kupitia vyama vya kukusanya mirabaha, na usipojiandikisha huko halikufuati nyumbani.

Limebaki tarumbeta. Hakuna ruhusa ya sekunde saba. Wala tano, wala mbili. Sijui nani aliianzisha habari hiyo, ila nimeisikia Dar, Mombasa mpaka Kampala, kila mtu na idadi yake. Ukikata kipande cha santuri umegusa vitu viwili, mnazi na shamba, kwa hiyo unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Lebo za Marekani za miaka ile sasa ziko mikononi mwa makampuni makubwa yenye mashine zinazotambua kipande hata kikiwa kimepunguzwa kasi, na wimbo wako unaweza kuondolewa mtandaoni siku ile ile unapoanza kushika. Mtafuteni mpiga tarumbeta. Tanga haikosi watu wa brasi, ulizeni hata kwenye bendi za shule na za makanisa. Mkipiga mahadhi yale yale upya mtakuwa mmebaki na ruhusa moja tu ya kuomba, ya utunzi. Mkibuni mahadhi yenu yenye harufu ile ya Memphis, pembe mbili zikijibizana kwa mkato, hamhitaji ruhusa ya mtu. Hili la mwisho ndilo ningefanya. Soul nyingi ilitengenezwa hivyo hivyo, mtu akimsikia jirani na kwenda kutafuta jibu lake.

Mimi si wakili, na barua haitoshi kwa kila jambo. Akikuletea mkataba wa kurasa kadhaa, hasa ukiwa kwa Kiingereza, usiusaini studio hata akikuambia gari linamsubiri. Omba nakala, uipeleke kwa wakili anayeshughulika na hakimiliki au ofisi ya msaada wa kisheria, au uende nayo COSOTA ukaulize ana kwa ana. Tazama sana maneno kama "milele", "dunia nzima" na "kazi zote zijazo". Hilo la tatu likiwemo, usisaini kabla wakili hajalisoma. Na kama umeshapokea sehemu ya pesa au umeshasaini kitu ambacho hukunitajia, usisubiri Jumamosi, nenda kesho asubuhi.

Wimbo ukisharekodiwa niandikie mlikubaliana asilimia ngapi. Na lile kasha, kama kuna santuri yenye jina la Edythe Wayne humo ndani, usiiuze kabla hujanipigia simu.